Kondoo wa Pili

Marafiki wa soko la Burma, nimewasikia. Tangu nirudi, kila anayesimama pale buchani ananiuliza swali lile lile: "Wafula, yaani ulipanda ndege mbili, ukaenda mpaka mwisho wa dunia kupigana mieleka, halafu hukushikana na mtu hata mmoja?" Nami nacheka, nakata nyama, nabadilisha mada. Mwingine amesema niliogopa. Mwingine, na namjua kwa jina, anaeneza kwamba nililala zamu yangu ikapita. Haya basi, imetosha. Nitawaambia yote, hatua kwa hatua. Mambo ya viza na tiketi nitayaruka, maana hayo yalikuwa ugonjwa peke yake.

Ila kwanza shikeni kitu kimoja: kilo themanini.

Michezo yenyewe ni ya jamii za wafugaji wanaohamahama. Watu hutoka nchi nyingi wakakutana, safari hii Kirgizia, kushindana katika michezo ya mababu: farasi, mishale, na mieleka ya mishipi. Huu wa mishipi ndio wangu. Mnafungwa mshipi kiunoni, kila mmoja anashika wa mwenzake, na huruhusiwi kuuachia mpaka mmoja wenu mgongo uguse mkeka. Mimi niliandikishwa uzani wa kilo themanini. Asubuhi ya kupimwa ukizidi hata kwa kijiko cha uji, rudi kwenu.

Kutoka Burma na njaa

Kochi Barasa mnamjua, mzee wa relwe aliyestaafu, anayekaa kwa binti yake kule Tassia. Lakini sidhani mnajua alichobeba moyoni. Kwa miaka ishirini na miwili amefundisha mieleka katika ukumbi wa kanisa, kwenye magodoro makuukuu yaliyoshonwa pamoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga mkeka nje ya Kenya. Mara mbili alialikwa, na mara mbili safari ikavunjika mabegi yakiwa mlangoni.

Hakunichagua mimi kwa ubora. Nina miaka thelathini na tisa na kitambi cha buchani. Vijana wote wazuri walikuwa wamekwenda Ghuba kulinda milango ya watu.

Siku alipokuja kuniambia, alisimama upande wa pili wa gogo la kukatia na kofia yake mkononi. "Wafula," akasema, "mimi sitaki medali. Nataka niketi kando ya mkeka, wewe uwe juu yake, na mtu aseme Kenya kwenye kipaza sauti. Mara moja tu. Baada ya hapo hata nikifa sitalalamika."

Sasa mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Nilisema sawa.

Nilikuwa kilo themanini na nne na nusu. Jamani, kuna mateso yanayoshinda kushinda kutwa ukikata mbavu, moshi wa nyama choma za jirani ukikupiga usoni, halafu chakula chako ni sukuma isiyo na mafuta? Kila Ijumaa Kochi alikuja akaniamuru nining'inie kwenye mizani ile ya kupimia nusu ng'ombe. Mteja mmoja akauliza kama mguu wangu wa nyuma umeshachukuliwa. Mlicheka nyinyi! Lakini siku ya kuondoka nilikuwa kilo sabini na tisa na robo tatu, na Kochi alinikumbatia palepale, aproni ikiwa na damu na yote.

Saa kumi na tisa za kukaa

Ndege ya kwanza ilitushusha katika nchi moja ya Ghuba, tuingie ya pili baada ya saa tatu. Saa tatu zikawa sita, sita zikawa kumi na tisa. Hakuna aliyetueleza sababu. Kila mara ubao uliandika saa mpya na watu wote wakaguna kwa lugha zao.

Kochi hakai kimya akikasirika. Akaanza kulalamika kwa Kibukusu, kwa sauti, akijua hakuna anayemwelewa. Mama mmoja aliyekuwa akipiga deki akasimama ghafla na mopu yake.

"Mulembe!" akasema, salamu ya kwetu kabisa.

Kumbe ni Nambozo, Mgisu wa Mbale, hapo ng'ambo tu ya mpaka, na lugha yao na yetu ni ndugu. Yule mama alifurahi mpaka akashika kifua. Alituuliza mvua, mahindi, bei ya sukari, kana kwamba tumetoka kwao asubuhi hiyo. Zamu yake ilipokwisha alitokomea, akarudi na vifurushi viwili vya karatasi ya foili. Chapati zilizokunjiwa mayai, kama wanavyofanya kwao, moto bado. Alikwenda kuzipika bwenini kwao akarudi na basi la wafanyakazi.

Kochi alifungua ya kwake akala. Mimi nilimrudishia.

"Asante dada, lakini siwezi," nikamwambia. "Napimwa uzani keshokutwa."

Alitabasamu vizuri tu, hakuonyesha kitu. Akaikunja ile karatasi upya, polepole, akasawazisha kona zake. "Hakuna shida," akasema. "Ni vile miaka mitatu sijapikia mtu wa kwetu."

Nilikuwa na haki, sivyo? Ningekula chapati moja ingekuwa robo kilo. Nilijiambia hivyo kwenye ndege, nikajiambia tena tulipotua. Lakini lile neno lake lilikaa kooni kama mfupa wa samaki, na nalionea aibu hadi leo nikiliandika.

"Nyinyi huhama na mifugo gani?"

Bishkek, mji wao mkuu, tulipokelewa na Aigul. Ni msichana wa chuo kikuu aliyejitolea kuwa mkalimani, mwembamba, mwenye kucheka haraka. Yeye na sisi tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga, na maneno yake nawaandikia kwa lugha yetu.

Njiani kuelekea hosteli akatoa daftari. Alitakiwa kuandika maelezo mafupi ya kila mgeni ili msomaji wa kipaza sauti aseme kitu.

"Nyinyi ni wahamaji wa kabila gani?" akauliza. "Huhama na mifugo gani?"

Kochi akaniangalia. Mimi nikamwangalia Kochi. Ukweli ni kwamba mababu zetu walikuwa wakulima wenye ng'ombe wa zizini, na sisi wenyewe ni watu wa ploti, wapangaji wa vyumba.

"Nimezaliwa Makongeni," nikamwambia. "Nikahamia Kaloleni. Kutoka hapo Umoja, halafu Kware nyumba tatu tofauti, sasa niko Tassia."

"Na mifugo?"

"Mkokoteni mmoja. Godoro, mtungi wa gesi, sufuria, na kuku mmoja aliyekataa kuchinjwa."

Alicheka mpaka akafuta macho, lakini aliandika. Nikabaki nikifikiri njia nzima. Watu wa kwao huhama wakifuata majani na hurudi bonde lile lile kila kiangazi, wanajua mlima kwa jina. Sisi tunahama, na ukirudi ploti uliyokulia hakuna anayekujua. Sijui nani kati yetu ndiye mhamaji zaidi. Nilitaka kumuuliza Kochi, lakini alikuwa amelala na mdomo wazi.

Hosteli kulikuwa na mizani bafuni. Kilo sabini na tisa na nusu. Nilikunywa maji nusu glasi, nikalala na njaa yangu kama mtu na mkewe.

Gari linachemka

Mashindano yalikuwa ng'ambo ya milima, karibu na ziwa kubwa. Kupimwa ilikuwa siku inayofuata safari hiyo, saa mbili asubuhi. Tuliondoka mapema kwa gari dogo, sisi watatu na dereva aitwaye Bakyt, na tungefika mchana kama si injini. Tulipokuwa juu kabisa, mahali hakuna mti hata mmoja, majani tu na mawe na mbingu, gari likaanza kutoa mvuke. Bakyt akafungua boneti akasema neno ambalo Aigul alikataa kulitafsiri.

Baridi ya kule haipigi hodi. Kochi alikuwa amevaa jaketi mbili na bado meno yalikuwa yanagongana, na kichwa kilimuuma kwa sababu ya kule juu. Ndipo akaja mtu juu ya farasi, akatuangalia, akasema na Bakyt. Aliitwa Nurlan, na hema la mama yake lilikuwa nyuma ya kilima. Wageni waende wakapate moto. Aigul na Bakyt wangebaki kwanza, wapande juu kutafuta mtandao waite fundi.

Kwa hiyo tukaenda mimi na Kochi bila mkalimani. Kosa lote lilianzia hapo.

Kwa Apa

Hema lao ni la mviringo, limetengenezwa kwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, na ndani lina joto na mazulia mekundu mpaka ukutani. Mama mwenye nyumba ni mwanamke wa miaka sabini hivi, mfupi, kitambaa cheupe kichwani, macho makali. Nurlan alimwita Apa, yaani mama, nasi tukamwita hivyo hivyo. Kila nikisema "Apa" nilihisi kama namwamrisha ale kiapo.

Kochi akalazwa penye mto, akafunikwa. Mimi nikapewa chai. Apa alimimina nusu bakuli tu. Nikashangaa, maana kwetu chai isiyofurika mpaka kwenye kisosi ni uchoyo, lakini moyoni nikashukuru: nusu bakuli, nusu uzani. Kumbe kwao nusu ni heshima. Maana yake kaa, nitakuongeza. Na aliongeza mara tisa, nilihesabu.

Baada ya chai Apa akasema kitu, Nurlan akatoka. Punde akanipungia mkono nije mlangoni. Alikuwa ameshika kondoo kwa kamba, mweupe, wa wastani. Apa akaja akasimama pembeni yangu. Wote wawili wakaninyooshea viganja, wazi, mbele ya vifua vyao, wakaniangalia. Wakangoja.

Sasa niambieni. Mimi nimekata nyama miaka kumi na sita. Nimeletewa kondoo mbele yangu mara ngapi? Nimekwenda soko la Kiamaiko alfajiri ngapi kuchagua? Mtu akinisimamishia mnyama akaniangalia usoni, mimi najua swali moja tu: unamwonaje?

Nikainama. Nikampapasa mgongo, nikabonyeza kiuno kwa vidole viwili, nikampima mkia kwa mkono. Hakuwa mbaya, ila mgongo ulikuwa mkavu kidogo. Na kwa mazoea yangu ya kijinga ya sokoni, ambapo hata ukipenda mnyama lazima umponde, nikagonga ulimi kaakaani, nikatikisa kichwa, nikamsukuma pembeni kwa goti. Bado huyo.

Apa alishusha mikono. Uso wake ulibadilika, nikaona, lakini nikadhani labda jua limemwingia machoni. Waliongea wao kwa wao kwa sauti ndogo. Nurlan alionekana kubisha. Apa akasema neno moja tu, na Nurlan akaenda na yule mweupe.

Aliporudi alikuwa na dume. Wee! Pembe zimejikunja mara mbili, mgongo kama meza, mkia umejaa mafuta unatingishika. Sijawahi kuona kondoo kama yule Burma wala Kiamaiko. Mikono yangu ikaenda yenyewe. Nikabonyeza kiuno, nikacheka kwa furaha, nikainua vidole gumba vyote viwili.

Wakainua viganja tena, Apa akanong'ona, wakapangusa nyuso zao. Nikafuatisha, nikidhani ni adabu tu. Dume akapelekwa nyuma ya hema.

Aigul na Bakyt walifika baada ya kama saa moja. Fundi angekuja jioni. Aigul alipita nyuma ya hema, akaona ngozi imetandazwa, akaona pembe, akamkimbilia Apa wakaongea. Halafu akanijia. Hakuwa anacheka.

"Uliwaambia nini?"

"Sikusema kitu. Mimi nitasema nini na sijui lugha?"

"Walikuletea kondoo umbariki kabla ya kukuchinjia," akasema. "Mgeni anainua viganja, anaomba, basi. Wewe ulimkagua ukamkataa."

Nikaificha mikono yangu nyuma ya mgongo.

"Huyu wa pili walikuwa wamemfuga miaka minne," Aigul akaendelea. "Ni wa sherehe ya mjukuu wao. Anatahiriwa mwezi huu."

Mnajua mimi ni Mbukusu. Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa mnyama wa tohara ni nini. Huyo hauzwi, hakopeshwi, na hachinjiwi mpita njia hata awe chifu. Na mimi nilimchagua kwa vidole gumba viwili!

"Mwambie sikujua," nikasema. "Mwambie mimi ni mtu wa bucha, nilidhani ananiuliza kama ni nyama nzuri."

Aigul akamwambia. Apa alisikiliza, akauliza kitu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Anasema kama wewe ni mwenye kujua nyama, basi ni vizuri zaidi hukula yule mwembamba," Aigul akatafsiri. "Anasema mjukuu atapata mwingine, Mungu yupo."

Chakula kiliwekwa mchana ukielekea jioni. Kichwa cha dume kikawekwa mbele yangu mimi, si mbele ya Kochi aliye mkubwa, maana mimi ndiye nitakayepigana. Sinia la nyama na tambi pana, mchuzi wa kunywa kwa bakuli. Apa akachukua kipande cha ini na kipande cha mafuta ya mkia, akavibandika pamoja, akaninyooshea mdomoni kwa mkono wake.

Kochi alikuwa ameamka, ameketi. "Wafula," akasema kwa Kibukusu, taratibu. "Onja tu. Onja, useme umeshiba. Unapimwa kesho saa mbili."

Nilionja. Nikaweka mkono kifuani kuonyesha nimeshiba. Mkono wa Apa ukabaki hewani na kipande cha pili. Alimwangalia Nurlan, akaliangalia sinia, na niliona anachokiona: huyu mgeni amekataa wa kwanza, na sasa hata huyu hamtaki.

"Kochi," nikasema, "huyu ni dume wa tohara."

Kochi alifumba macho. Yeye pia ni Mbukusu, sikuhitaji kuongeza neno. Akavaa viatu akatoka nje.

Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo mashindano yangu yalipoishia. Miaka kumi na sita nakata nyama. Nyama ya harusi, ya matanga, ya mahari, ya wakubwa waliotembelewa na wakubwa wenzao. Imepita mikononi mwangu yote ikaenda kwa wageni wa watu. Hakuna siku, hata moja, mtu amechinja mnyama akasema huyu ni wa Wafula. Na siku ilipofika, ilikuwa mlimani kwa mama nisiyemjua, na nilikuwa nimemvunjia heshima mara moja tayari. Nilimwona moyoni Nambozo vilevile, akisawazisha kona za karatasi yake.

Nikafungua mdomo.

Nilikula, ndugu zangu. Nilikula mafuta ya mkia, nikala bega, nikanywa mchuzi bakuli tatu. Nilikula nikimlilia Kochi, na machozi yalitoka kweli, na Apa akadhani ni pilipili.

Saa mbili asubuhi

Gari lilipona, tukashuka mpaka ziwani. Kochi hakununa, hapana. Aliangalia tu dirishani kama mtu anayerudi kutoka mazishini.

Asubuhi nilitokwa na nilichoweza kutokwa, nikatema mate kwenye chupa, nikapanda mizani na chupi tu. Mama wa mizani, mwenye miwani na kalamu, akasoma kwa sauti. Themanini nukta tatu.

Tulipewa mpaka saa tatu. Nikavaa jaketi zote, zangu na za Kochi, nikakimbia kuzunguka jengo. Kochi alikimbia kando yangu. Mzee wa miaka sitini na saba, suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi, anakimbia kwenye changarawe akihema. Nilimwambia apumzike, akanisukuma mgongoni niongeze mwendo.

Saa tatu kasoro dakika mbili nikapanda tena. Themanini nukta moja.

Gramu mia moja. Mnazijua gramu mia moja, ni kile kipande ninachowaongezea mkianza kulalamika. Kochi alimwendea yule mama, akavua kofia, akaongea naye Kiswahili, kabisa kabisa Kiswahili, kana kwamba ataelewa. Akamwambia: "Mama, tumetoka mbali." Yule mama hakuwa mbaya. Alimwonyesha saa, akamshika mkono, akapiga mstari kwenye jina langu.

Kochi alirudi akakaa kwenye benchi akaangalia viatu vyake. Nikasema, "Nisamehe, Kochi." Nilitamani anitukane.

Uwanjani

Mchana tulikwenda kuangalia. Tungefanya nini kingine? Aigul alitupatia viti vya mbele karibu na mkeka, na kipaza sauti kilipiga kelele za majina ya nchi za watu. Uzani wa kilo themanini ulianza. Mtu ambaye ningeshikana naye alipewa ushindi akiwa amesimama peke yake, mkono juu, mshipi kiunoni.

Mara Aigul akanigusa. "Angalia," akasema.

Kwenye ngazi alikuwa akipanda Apa. Kitambaa cheupe kipya, koti la mahameli, shanga shingoni, Nurlan nyuma yake na kofia ndefu, na watu wengine saba au wanane wa bonde lao, wazee kwa wanawake. Walikuja na lori la jirani. Walikuja kuniona mimi. Apa alikuwa akiwaonyesha kwa kidole, na sikuhitaji mkalimani: yule pale, mgeni wangu.

Alifika, akaniangalia nguo, akaniangalia kiuno kisicho na mshipi. Akauliza.

"Anauliza zamu yako saa ngapi," Aigul akasema. Halafu akaningoja. Yeye alijua kila kitu.

Ningemwambiaje? Niseme, Mama, ni dume wako? Wamemchinja wa tohara ya mjukuu ili mgeni afukuzwe mlangoni? Nikamwangalia Kochi, na Kochi alikuwa ananiangalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwambie nimeumia goti," nikasema. "Mazoezini, leo alfajiri."

Aigul alisita, kisha akamwambia. Na kabla hajamaliza, Kochi alikuwa ameshapiga magoti mbele yangu. Alifungua begi lake la kazi, akatoa bendeji, akanikunja suruali, akaanza kunifunga goti lililo zima kabisa, akitikisa kichwa kwa masikitiko kama daktari. "Lia kidogo," akaniambia kwa Kibukusu bila kuinua uso. Nikalia "aai!" Nilikuwa na sababu nyingi za kulia, sikuhitaji kuigiza.

Apa akapiga kelele. Akamsukuma Kochi pembeni, akafungua bendeji yake yote, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa kikopo. Mafuta ya kondoo. Harufu yake niliijua mara moja. Akakaa chini kwenye ngazi, mbele ya watu wote, akauweka mguu wangu mapajani mwake akaanza kunikanda, kwa nguvu, akinisemesha mfululizo. Watu wa bonde lao wakatuzunguka, kila mmoja na ushauri wake. Kule mkekani watu walikuwa wakiangushana na hakuna aliyewaangalia.

Nilimtazama Kochi kwa upande. Alikuwa amekaa sakafuni alikosukumiwa, bendeji imemzunguka mkononi, macho yana maji. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Apa alimaliza, akanipiga kofi dogo gotini, akasema maneno marefu akininyooshea kidole. Aigul alijifunika mdomo kwanza ndipo akatafsiri.

"Anasema umekonda sana, ndiyo maana umeumia. Anasema mara nyingine mje kwake wiki nzima kabla ya mashindano, akulishe, upate nguvu."

Kochi akajifuta macho kwa bendeji.

"Mwambie tutakuja," akasema. "Lakini nitamwandikisha kilo tisini."